Siku 16 Namibia kwa gari la kukodi: anza kwa kupunguza ramani

*“Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tunapenda kutazama ndege. Hapa nyumbani tumeshazunguka Manyara, Usambara na hadi mdomo wa mto Sabaki kule Malindi. Mwakani tunataka kwenda Namibia na Botswana kwa siku 16, Agosti au Novemba, kwa gari la kukodi tutakaloendesha wenyewe. Njia tuliyochora ni hii: Windhoek, Sossusvlei, Walvis Bay, Etosha, ukanda wa Caprivi, Shakawe, Chobe, Maporomoko ya Victoria, kisha kurudi Windhoek. Tunalenga aina 400 za ndege. Mume wangu ameendesha magari ya watalii Serengeti kwa miaka mingi, kwa hiyo barabara hazitusumbui, na tunafikiria gari dogo la saluni ili tuokoe fedha. Sote tumezaliwa Tanga, malaria tumeizoea, ingawa sasa tunaishi Moshi. Wasiwasi wangu ni mmoja: bila mwongozaji tutaona kitu, au tutakuwa tumetupa hela?”*

Dada yangu, nianze na wasiwasi wako. Mtaona ndege, tena wengi, bila mwongozaji. Mtu aliyehangaika na vindege vya kijani ndani ya ukungu wa Usambara hatashindwa na nyika ya Namibia, ambako ndege hukaa juu ya kichaka cha peke yake ukamtazama hadi uridhike. Kinachonitia hofu mimi ni ile ramani yenu. Nimeijumlisha: inakaribia kilomita 4,000 kabla hamjazunguka hata kidogo ndani ya hifadhi yoyote. Ukigawanya kwa siku 16, na ukitoa siku ya kufika na ya kuondoka, mtakuwa madereva wanaopita karibu na ndege.

Kosa hili ni la kawaida, nalo linatokana na kuhesabu kilomita badala ya saa za mwanga. Ndege mdogo hulala usiku kucha akila mafuta aliyohifadhi mwilini, na kunapopambazuka ni lazima ajaze upya haraka. Ndiyo maana saa mbili tatu za kwanza baada ya jua kuchomoza wanaimba, wanakula na kutembea hadharani. Jangwani mambo ni makali zaidi: ikifika saa nne asubuhi joto linamlazimisha ndege kuingia kivulini na kutulia, kwa sababu kila mwendo anaofanya unamgharimu maji asiyokuwa nayo. Tai na tumbusi ndio huanza kazi wakati huo, maana hewa ya moto inapanda na kuwabeba. Jioni wale wadogo hurudi tena kwa muda mfupi.

Sasa tazama siku ya kuhama kambi yenye kilomita 600. Ili mfike kabla ya giza mnapaswa kuondoka alfajiri, yaani ile saa ya dhahabu mnaitumia mkiwa mmefunga vioo. Mkisema mtatazama ndege kwanza halafu muondoke saa nne, giza litawakuta njiani pamoja na ng'ombe, punda na tandala waliosimama katikati ya lami. Kampuni nyingi za kukodisha huandika wazi kwenye mkataba kwamba usiku nje ya mji bima haifanyi kazi. Kwa hiyo kila siku ya kuhama mbali ni asubuhi moja mliyoipoteza, na kwenye njia yenu nimehesabu nyingi mno.

Punguzeni, basi. Mnapopunguza jiulizeni swali ambalo mtu wa Ulaya hana haja ya kujiuliza: ni ndege gani hatuna nyumbani? Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Namibia haifiki 700. Ukienda kule kutafuta idadi umetoka kwenye ghala ukaenda dukani. Wale mnaowaona Manyara, hondohondo, korongo, keremkerem na tai wa kila namna, mtawakuta huko pia, na ni furaha kuwaona, lakini msiendeshe saa saba kwa ajili yao. Hata yule ndege mkata-maji, mwenye mdomo wa chini mrefu kupita wa juu, ambaye watu humfukuzia mto Kavango, nyinyi mmeshafika Sabaki anakopumzika kwa makundi. Achaneni na lengo la 400. Mkirudi na 250 au 300, na ndani yake wamo wale wa kusini magharibi ambao hamtawaona kwingine, mtakuwa mmefanya kazi nzuri sana.

Sossusvlei nawashauri muiache. Ni pahali pazuri mno, lakini kwa ndege kinachowavuta watu huko ni kipozamataza wa matuta ya mchanga, *Calendulauda erythrochlamys*, ambaye makao yake yote duniani ni jangwa la Namib ndani ya Namibia. Huyo mnaweza kumpata karibu na Walvis Bay, upande wa Rooibank kando ya mto mkavu wa Kuiseb. Nendeni jua linapotoka. Msitazame juu, tazameni chini kwenye mashina ya nyasi. Ana rangi ya mchanga wenyewe, hukimbia kutoka shina moja hadi jingine, husimama wima kidogo, kisha hukimbia tena. Mara nyingi utaona kwanza nyayo zake mbichi juu ya mchanga, halafu yeye mwenyewe. Gari liacheni kwenye njia ngumu, mtembee kwa miguu.

Walvis Bay yenyewe wapeni usiku mbili. Wangwa ule, ulioingizwa mwaka 1995 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, huwa na heroe wa aina zote mbili, na kuanzia Septemba au Oktoba hujaa vitwitwi waliotoka Aktiki. Mkienda Novemba kuna pia buabua mdogo wa Damara, anayetaga mayai kwenye changarawe tupu za pwani hiyo. Msiendeshe gari nje ya njia ufukweni. Yai lake lina rangi ya kokoto, na dereva hajui alichokanyaga.

Kutoka hapo ingieni bara, Spitzkoppe au milima ya Erongo, kwa usiku mbili. Kuna ndege mdogo mwenye jina la Waherero, ana ukanda mweusi machoni na mkia wenye wekundu, ambaye watazamaji husafiri mbali kumtafuta. Hukaa kimya pembeni mwa majabali, akishuka chini kuokota mdudu na kurudi tawini. Huyo anahitaji subira ya kukaa pahali pamoja, na ndiyo sababu nyingine ya kutokuwa na haraka.

Etosha nitakaa nayo kidogo, maana ndiko wengi hukosea kwa kuzunguka kutwa nzima. Wapeni usiku nne, mbili kambi ya Okaukuejo na mbili kambi ya Halali au Namutoni. Mageti hufunguliwa jua likichomoza na kufungwa likizama, na ndani ya hifadhi hamruhusiwi kushuka garini isipokuwa kwenye kambi na vituo vilivyozungushiwa uzio. Asubuhi endesheni polepole. Mchana wa joto rudini kambini mtembee kwa miguu ndani ya uzio: pale Halali, kwenye kivuli cha miti ya mopane, bundi wadogo hulala mchana wakiwa wamejibanza kwenye shina, na makundi ya ndege wenye mashavu matupu ambao makao yao ni Namibia na Angola tu huparura majani makavu miguuni penu.

Kisha kaeni kwenye dimbwi la kambi. Saa chache baada ya jua kutoka huja firigogo wa jangwani, ndege wa ardhini wanaofanana na njiwa, kwa makundi, wakipiga kelele angani kabla ya kutua. Mtazame dume wakati wa kuzaa: haondoki akishakunywa. Anaingia majini hadi tumboni, anajitikisa, manyoya yake ya tumbo yananyonya maji, halafu anaruka kilomita nyingi kuyapelekea makinda ambayo hunyonya kutoka kwenye manyoya yale. Giza likiingia, aina nyingine ya firigogo yenye mistari hushuka kunywa chini ya taa za Okaukuejo, na faru weusi huja pia. Yote hayo ni bila kuwasha gari.

Baada ya Etosha chagueni moja. Njia ya kwanza ni kuishia Divundu na Shakawe: usiku mmoja Rundu njiani, usiku tatu kwenye mto Kavango (Botswana huitwa Okavango), kisha siku mbili za kurudi Windhoek kwa lami. Njia ya pili ni kuendelea hadi Katima Mulilo na Kasane, gari mkaliachie huko na kurudi kwa ndege, lakini ada ya kuliacha gari mbali na mlipolichukua ni kubwa, na mtalazimika kukata usiku Etosha au pwani. Mimi ningechagua ya kwanza. Chobe na Maporomoko ya Victoria yanastahili safari yake, na kutoka Tanzania hayako mbali.

Kuhusu mwezi, ningekwenda Novemba, nusu ya kwanza. Agosti ni baridi usiku, hewa kavu, kuendesha ni raha, na wanyama hukusanyika kwenye maji. Kama ndege wangekuwa nyongeza tu ningewaambia Agosti. Lakini wahamiaji wengi bado hawajafika, na keremkerem wekundu wa kusini ndio kwanza wanaanza kurejea kuchimba mashimo ya viota kwenye kingo za mito; hao hao baadaye hupanda hadi kwetu Tanzania miezi ya katikati ya mwaka. Novemba mtawakuta wahamiaji wengi wameshafika, na maji ya Kavango yakiwa chini. Mto ule haufuati mvua ya pale ulipo. Maji yake hunyesha nyanda za juu za Angola, huteremka taratibu, na kilele hufika Divundu karibu na Aprili. Kwa hiyo kabla ya mvua kuanza, ndege wa majini wamebanwa kwenye vidimbwi na mchanga uliobaki. Bei yake ni joto: Etosha mchana linaweza kupita nyuzi 35, na mvua za kwanza zikiwahi, baadhi ya njia hulainika. Kama mmoja wenu hastahimili joto, semeni mapema, chagueni mwisho wa Septemba.

Sasa barabara. Namheshimu mume wako, na kuendesha upande wa kushoto kama nyumbani ni faida kubwa kwenu. Hata hivyo Serengeti mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na barabara yenyewe inakulazimisha uende polepole kwa mashimo yake. Changarawe za Namibia ni pana, zimenyooka, zimelainishwa kwa greda, na ulaini huo ndio mtego. Sheria inaruhusu 100, kampuni nyingi za kukodisha huweka mwisho 80 na kifaa cha kufuatilia mwendo ndani ya gari. Juu ya tabaka gumu kuna vijiwe vya mviringo vilivyolegea; tairi likienda kasi huwa kama mtu aliyekanyaga mbaazi kwenye sakafu ya saruji. Ukiwa umenyoosha huhisi chochote. Ukikata usukani ghafla kumkwepa ngiri, au ukakanyaga breki kwenye kona, nyuma ya gari inaondoka. Dereva hurudisha usukani kwa nguvu upande wa pili, gari linashika ghafla ukingo wa changarawe iliyorundikana, na linapinduka. Ajali nyingi za wageni kule ni hizo, gari moja peke yake, mchana kweupe.

Dawa yake ni nyepesi. Msizidi 80, na kwenye kona au vijituta vinavyofuatana shukeni hadi 60. Punguzeni upepo wa tairi: kama kwenye lami ni paundi 32, kwenye changarawe ngumu 26 hadi 28 hutosha, kwenye mchanga mwingi chini ya hapo, lakini kipimo kamili waulizeni wenye gari kwa sababu hutegemea tairi na mzigo. Mkirudi lami jazeni tena. Mkikutana na gari punguzeni mwendo, kaeni kushoto, washeni taa, msubiri vumbi litulie. Mnyama akisimama mbele, fungeni breki mkiwa mmenyoosha.

Gari la saluni? Kwa Windhoek hadi Walvis Bay, barabara za Etosha na lami ya kwenda Divundu lingetosha, sitawadanganya. Litawasumbua njia za kambi, mchanga wa hifadhi ya Mahango kando ya mto karibu na Divundu, na litawaweka chini kiasi kwamba nyasi zitawaziba macho. Mtazama ndege ananunua urefu wa kiti. Kama fedha haziruhusu pikapu ya dabo kebini ya 4x4, chukueni lolote lililoinuka, lenye matairi mazima ya njia mbaya na ikiwezekana spea mbili. Kabla ya kutia saini fungueni spea yenyewe muione, jaribuni jeki, na someni bima kwa makini: tairi, kioo cha mbele, chini ya gari, mchanga na maji mara nyingi haviko ndani ya bima ya kawaida, na gari kupinduka bila kugongana na jingine huwa na masharti yake. Ulizeni ni kiasi gani mtakatwa nyinyi wenyewe kabla bima haijaanza kulipa.

Jambo linalowakwamisha Watanzania wengi pale kaunta ni kadi. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe ili kuzuia dhamana, na kadi ya kawaida ya benki hukataliwa. Malizeni hilo na benki yenu miezi kadhaa kabla. Leseni zetu zina Kiingereza, hazina shida.

Shakawe iko ng'ambo ya mpaka wa Mohembo, kwa hiyo mnahitaji barua ya kampuni inayoruhusu gari kuingia Botswana. Iombeni wakati wa kukodi, na mtalipa ada za barabara mpakani. Msibebe nyama mbichi: Botswana huizuia, na Namibia yenyewe ina uzio wa mifugo unaokata nchi, ambapo nyama ya kaskazini haishuki kusini. Mafuta jazeni kila mnapokuta pampu.

Mwongozaji mchukueni pale anapoongeza kitu. Kwanza, Sandwich Harbour kusini ya Walvis Bay: matuta upande mmoja, bahari upande mwingine, na maji kujaa yanafunika njia. Msijaribu wenyewe, hata mkiwa na 4x4. Pili, Shakawe. Huko yupo bundi mvuvi, *Scotopelia peli*, mkubwa, wa rangi ya kutu, miguu mitupu bila manyoya, anayelala mchana kwenye majani mazito juu ya maji. Mwenyeji anajua mti uliotumika jana; nyinyi mtakagua miti mia. Mlipeni asubuhi moja ya boti, au ya mtumbwi wa pondo. Akitaka kupiga sauti ya bundi kwa simu ili ajibu, mkatazeni kwa upole: ndege hudhani mpinzani ameingia, akaacha kupumzika au kiota. Na msisimame ukingoni mkiangaza juu ya miti. Mamba na kiboko wanaishi palepale.

Kwenye maji hayohayo mtafuteni *Egretta vinaceigula*, yangeyange wa kijivu-cheusi ambaye sehemu kubwa ya makao yake ni Okavango na ardhioevu za Zambia. Nyinyi watu wa Tanga mmezoea yangeyange mweusi wa pwani, yule anayefunika kichwa kwa mabawa kama mwavuli akivua, na mtamwona huko pia. Tazameni miguu: wa kwetu ana miguu myeusi na vidole vya njano, huyu ana njano mguu mzima. Halafu koo: huyu ana wekundu wa kutu. Wala hafungui mwavuli. Hutembea taratibu kwenye maji ya kina cha kifundo.

Mwisho ni malaria, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kuzaliwa Tanga hakuwalindi. Kinga inayopatikana kwa kuumwa mara kwa mara si kamili, na hupungua mtu akikaa muda mrefu pasipo na maambukizi mengi, kama nyinyi Moshi. Windhoek na Walvis Bay hatari ni ndogo, lakini Kavango na Shakawe malaria ipo, hasa mvua zikianza. Nendeni kwa daktari ana kwa ana wiki nne hadi sita kabla ya safari, mmweleze dawa mnazotumia na kama kuna ujauzito, achague kinga inayowafaa. Hilo haliamuliwi kwa maandishi. Yeye pia atawaambia kuhusu chanjo ya homa ya manjano kulingana na viwanja mtakavyopitia; cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano na hudumu maisha. Masharti ya kuingia hubadilika, kwa hiyo ubalozi uulizeni kabla ya kulipia tiketi. Na mkirudi, homa yoyote ndani ya miezi mitatu pimeni siku hiyohiyo na mumwambie mganga mlikokuwa.

Kambi za ndani ya Etosha hujaa mapema, kwa hiyo wekeni hizo kwanza, kisha gari, ndipo mpange tarehe nyingine kuzizunguka.